Kuambiwa “Wewe ni wa Kupokezana” Si Tusi

Swali: “Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa kijana wa miaka 16, tunakaa Chumbageni, Tanga. Mwanangu amekulia baharini, pale Raskazone, na huu ni mwaka wa pili anafanya mazoezi na klabu. Mita 50 anakwenda kama mshale, mita 100 anachoka njiani. Wiki iliyopita kocha kamwambia yeye si wa mbio za peke yake, ni wa kupokezana, awe anaogelea na wenzake watatu. Mtoto karudi nyumbani hakula. Anasema amewekwa akiba. Naomba uniambie ukweli: anayeogelea kwa kupokezana ana maisha mbele, au mwanangu anapotezewa muda naye yuko kidato cha tatu?”

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote nilisimama pale uliposema mtoto hakula. Namwelewa. Kijana wa miaka 16 akiambiwa “wewe ni wa kupokezana”, anasikia “kaa benchi, subiri mwenzio aumie”. Sivyo ilivyo. Lakini sitakuficha: maneno ya kocha wake yana nusu ya kweli, tena kweli kubwa, na nusu ya kosa ambalo mtoto akiliamini litamharibia. Nianze na ile kweli.

Yuko Mmarekani mmoja, Jason Lezak. Alikwenda Olimpiki nne: 2000, 2004, 2008 na 2012. Alirudi na medali nane, na katika hizo saba ni za kupokezana. Ya mbio za peke yake ni moja tu, shaba ya mita 100 kule Beijing, nayo aligawana na Mbrazili César Cielo kwa sababu walifika kwa muda mmoja, sekunde 47.67. Huyo ndiye mtu ambaye mwanao angemwita wa akiba.

Sasa sikiliza alichofanya Agosti 2008. Fainali ya wanaume, mtindo huru, watu wanne kila mmoja mita 100. Lezak ndiye wa kumalizia, ana miaka 32, umri ambao waogeleaji wengi wa mbio fupi wameshatundika miwani. Anaruka huku Mfaransa ameshatangulia kwa sekunde 0.59, yaani zaidi ya mita nzima. Na Mfaransa mwenyewe ni Alain Bernard, ambaye rekodi ya dunia ya mita 100 ilikuwa yake hadi dakika chache nyuma, ikavunjwa ndani ya mbio hizo hizo na Mwaustralia Eamon Sullivan aliyekuwa wa kuanzia. Walipogeuka mita 50, Bernard alikuwa bado mbele. Wengi tuliokuwa tukitazama tulishakata tamaa. Lezak akajisogeza karibu na kamba inayotenganisha njia zao, akabebwa na wimbi la Bernard, na mita za mwisho akampita. Marekani dakika 3 na sekunde 08.24, Ufaransa 3:08.32. Tofauti sekunde 0.08. Mita 100 zake Lezak zilichukua sekunde 46.06, na ilipita miaka kumi na sita kabla mtu mwingine hajaogelea kipande cha kupokezana kwa kasi kuliko hiyo. Michael Phelps, mwenzake katika timu hiyo, aliondoka Beijing na dhahabu nane, na ile moja asingeipata bila mkono wa yule mzee wa kumalizia.

Miaka minne kabla yake, Athens, Lezak huyo huyo hakuvuka hata mchujo wa mita 100 za peke yake. Mashindano hayo hayo, siku chache baadaye, alimalizia mbio za kupokezana za mchanganyiko wa mitindo, ambazo kila mmoja ana mtindo wake (mgongo, chura, kipepeo, huru), wakachukua dhahabu na rekodi ya dunia. Ndiyo maana nasema kupokezana kuna ufundi wake. Wapo watu ambao wakiwa peke yao ni wazuri tu, lakini ukiwawekea wenzao watatu mgongoni wanakuwa viumbe wengine. Kocha wa mwanao pengine ameona kitu cha namna hiyo. Kama ameona, amemsifu.

Ngoja nikuonyeshe ufundi wenyewe kwa karibu, maana wanaokaa jukwaani hawauoni. Anayepokea amesimama juu ya kibao cha kuanzia, vidole vya miguu vimeuma ukingo. Haangalii maji, haangalii mpinzani. Anamwangalia mwenzake anayekuja, kwanza kichwa, kisha mkono. Mwenzake akibakiza mikono miwili, yaani mapigo mawili, kufika ukutani, yeye anaanza kuzungusha mikono yake: inashuka, inapita nyuma, inapanda. Uzito unahama kutoka visigino kwenda vidoleni. Mkono wa mwisho wa anayekuja unaponyooka kuutafuta ukuta, anayepokea tayari ameshalala hewani, na kilichobaki kwenye kibao ni ncha za vidole tu. Mkono unagusa, vidole vinaachia.

Kanuni ni kwamba miguu isiachane na kibao kabla mwenzako hajagusa. Mitambo ya kielektroniki inaruhusu sekunde 0.03 tu, kwa ajili ya kasoro za mtambo wenyewe. Ukizidisha hapo timu nzima inafutwa. Katika mbio za peke yake, tangu mlio hadi miguu kuondoka kibaoni hupita sekunde 0.6 hadi 0.7 hivi, kwa sababu sikio lazima lisikie kwanza. Anayepokea vizuri hutumia 0.1 au 0.2, kwa sababu yeye hasubiri mlio, anaiona safari ya mwenzake inavyokuja. Tazama Mchina Pan Zhanle, Paris 2024. Tarehe 31 Julai aliogelea mita 100 peke yake kwa sekunde 46.40, rekodi ya dunia. Tarehe 4 Agosti, bwawa lile lile, akimalizia mbio za kupokezana za mchanganyiko, alitumia 45.92. Karibu nusu sekunde imepatikana, na sehemu kubwa ni pale kibaoni. Katika timu wapo watatu wanaopokea. Zidisha nusu sekunde kwa tatu, halafu kumbuka kwamba Beijing iliamuliwa na sekunde 0.08.

Kwa sababu hiyo hiyo, muda wa anayepokea hauhesabiwi kuwa rekodi yake binafsi. Wa kuanzia ndiye pekee anayehesabiwa, maana yeye ameruka kwa mlio kama wengine wote. Pan alipovunja rekodi ya mita 100 kwa sekunde 46.80 kule Doha, Februari 2024, alikuwa wa kuanzia katika timu yake.

Jambo hili nalijua kwa uchungu pia. Nikiwa kijana nilikuwa wa tatu katika timu yetu. Tulikuwa wa pili, tunakimbilia wa kwanza, na watu ukingoni wanaliita jina langu. Mwenzangu alipokaribia ukuta aliinua kichwa kuvuta pumzi, mkono wake ukachelewa kidogo sana. Mimi nilikuwa nimeshakwenda. Niliogelea kipande kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuogelea, nikatoka majini nikiwa nacheka, nikamkuta mwamuzi ameinua mkono. Wenzangu hawakunisema. Wa nne, ambaye kwake yalikuwa mashindano ya mwisho kabla ya kuacha, alikunja taulo lake taratibu akaondoka. Taulo lile naliona hadi leo.

Kwa hiyo ninapofundisha, simfundishi anayepokea peke yake. Anayekuja naye ana kazi. Zile bendera zinazoning’inia juu ya maji ziko mita tano kutoka ukutani. Ukizipita, pumzi imekwisha, kichwa kimetulia, na mkono wa mwisho unapigwa mzima, hauachwi uteleze. Mwenzako juu ya kibao anausoma mwili wako, na ukibadilisha mwendo mita mbili za mwisho umemdanganya. Wawili wanaopokezana wanapaswa kujuana kama wapiga makasia wa ngalawa moja. Ninawapa vijana wangu zoezi hili hata mara ishirini kwa siku, wawili wawili, hadi mmoja aweze kufumba macho na kuniambia mwenzake amebakiza mikono mingapi kwa kusikiliza maji.

Hiyo ndiyo nusu ya kweli. Sasa lile kosa.

Kocha akimwambia mtoto “wewe si wa mbio za peke yake”, na mtoto akaacha kuzifanyia kazi mita 100 zake, basi hata kwenye kupokezana hatafika. Mlango wa kuingilia timu ni muda wako wa peke yako. Marekani, kwenye mashindano yao ya kuchagua timu ya Olimpiki, wawili wa kwanza wa mita 100 mtindo huru wanapata nafasi ya kuogelea peke yao, na wanaofuata hadi wa sita ndio wanaotafutiwa nafasi katika timu ya kupokezana. Kwa hiyo wa tano, ambaye katika mbio nyingine nyingi angerudi nyumbani, anapanda ndege. Tena anayeogelea mchujo tu, halafu fainali akapumzishwa, naye hupewa medali timu ikishinda. Lezak medali yake ya mwisho, fedha ya London 2012, aliipata kwa mchujo. Phelps mwenyewe, Athens 2004, alimwachia mwenzake Ian Crocker kipande cha kipepeo katika fainali, na dhahabu akaipata kwa kuwa alishaogelea mchujo.

Kwa hiyo kupokezana hupanua mlango, ila haukuondolei mtihani. Mwanao anahitaji mita 100 zilizo nzima. Kuchoka kwake njiani kusikutishe, ni ugonjwa wa wote wanaokwenda kasi bila kufundishwa. Kijana wa baharini huanza kwa hasira, anapiga mikono mifupi mingi, anakosa pumzi, halafu miguu inazama na mwili unakuwa kama gogo. Dawa yake ni kuogelea mita 50 za kwanza kwa mikono mirefu, akijua amehesabu mingapi, na kufanya mazoezi ya mita 50 mbili zilizotenganishwa na pumziko la sekunde kumi tu, mara nne au tano, akipimwa kwa saa. Siku nyingine afanye mita 25 kwa kasi yake yote, mara nane, na katikati apumzike dakika mbili nzima. Kupumzika huko ni sehemu ya zoezi. Naona makocha wengi wanawaogelesha watoto wa mbio fupi kilomita baada ya kilomita, wakidhani uchovu ndio mazoezi, na kasi waliyozaliwa nayo inakufa taratibu. Tena miaka 16 mwili wa mvulana bado unajengwa. Asipewe vyuma vizito na asilazwe njaa.

Umeniuliza kuhusu maisha, na mama anayelipa ada ana haki ya jibu la wazi. Hapa kwetu hakuna mshahara wa kuogelea. Waogeleaji wa Tanzania waliofika Olimpiki wamekwenda kushindana peke yao: Hilal Hemed Hilal na Magdalena Moshi mita 50 kule Rio 2016, Collins Saliboko mita 100 na Sophia Latiff mita 50 kule Paris 2024. Nchi zisizo na waogeleaji waliofikia viwango hupewa nafasi ya mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, na nafasi hiyo haihusu timu za kupokezana, kwa maana Olimpiki huchukua timu 16 tu kwa kila mbio ya kupokezana. Timu zetu hukutana na wenzetu wa Kenya, Uganda na majirani wengine kwenye mashindano ya kanda, na huko kupokezana kupo. Huo ndio uwanja wa kwanza wa mwanao, na hauko mbali kama unavyodhani.

Mlango ambao wazazi wengi hawaujui ni wa vyuo vikuu vya Marekani. Katika mashindano ya vyuo yanayosimamiwa na NCAA, chama cha michezo ya vyuo cha huko, kuna mbio tano za kupokezana, na pointi zake ni mara mbili ya mbio za peke yake: kwenye fainali za taifa mshindi wa peke yake huleta pointi 20, timu ya kupokezana huleta 40. Kwa hiyo kocha wa chuo anahangaika kutafuta vijana wenye kasi ya mita 50 na 100 hata kama hawatashinda kitu wakiwa peke yao. Anawahitaji wanne. Vijana kutoka nchi ndogo kwa kuogelea wamelipiwa masomo, mara nyingi sehemu ya ada na mara chache ada yote, kwa kuwa kipande cha nne kilikuwa wazi. Lakini chuo kitaomba muda uliopimwa kwenye mashindano rasmi, na kitaomba vyeti vya shule. Kwa hiyo kidato cha tatu na bwawa havigombani. Akifeli Kiingereza na Hisabati, kasi yake haitamsaidia. Mbali ya hapo upo ufadhili wa Mshikamano wa Olimpiki, unaopitia Kamati ya Olimpiki ya nchi, na ipo kazi ya kufundisha na ya uokoaji, ambayo katika mji wa pwani kama wetu si kazi ndogo.

Usidhani mambo haya ni ya mataifa makubwa peke yake. Athens 2004, dhahabu ya mita 100 mara nne ilikwenda Afrika Kusini: Roland Schoeman, Lyndon Ferns, Darian Townsend na Ryk Neethling, dakika 3 na sekunde 13.17, rekodi ya dunia. Marekani ilikuwa ya tatu, na Lezak yumo ndani. Watatu kati yao, Schoeman, Ferns na Neethling, walifanya mazoezi katika Chuo Kikuu cha Arizona.

Na hapa naomba umwambie mwanao jambo ambalo pengine kocha hakumwambia: wanne hawa si lazima wawe wavulana. Tokyo, michezo iliyofanyika 2021, iliingiza mbio za kupokezana za mchanganyiko wa mitindo zenye wanaume wawili na wanawake wawili. Kila timu inapanga yenyewe nani aogelee wapi. Marekani ilimweka Caeleb Dressel amalizie, mwanamume mwenye kasi kuliko wote, akimkimbiza mwanamke aliyeshatangulia. Uingereza ilimweka Anna Hopkin amalizie baada ya Adam Peaty na James Guy kumfungulia njia. Hopkin hakushikika, Uingereza ikachukua dhahabu, Marekani ikawa ya tano. Ukitazama mbio zile utaelewa kwamba kupanga timu ni akili kama kucheza bao. Kama kuna binti wawili pale klabuni wanaogelea vizuri, timu ya mwanao imeshafika nusu.

Sasa Tanga yetu. Bahari ya Raskazone imempa mwanao mapafu na ujasiri, lakini muda wa baharini si muda. Maji ya chumvi yanambeba juu, mkondo unamsukuma au unamrudisha, na hakuna ukuta wa kugeukia. Bwawa la mita 25 lina migeuko mitatu katika mita 100, la mita 50 lina mmoja, na kila mgeuko ni mahali pa kupata au kupoteza. Ni lazima apimwe bwawani, hata kama ni safari ya basi hadi Dar es Salaam mara mbili kwa mwaka.

Baharini afanye yale ya bahari: mikono mirefu, miguu, pumzi za pande zote mbili, na asitoke kusi linapovuma kwa nguvu. Na kuruka, nakuomba kwa herufi kubwa moyoni mwangu, asiruke kwa kichwa kutoka gatini maji yakiwa yamekupwa. Kanuni za kimataifa zinataka kina kisichopungua mita 1.35 chini ya kibao cha kuanzia. Bamvua inapokupwa hapa kwetu, pale palipokuwa na kina asubuhi panaonyesha mawe mchana. Nimewahi kumbeba kijana aliyeumia shingo kwa namna hiyo, na hakurudi kuogelea.

Zoezi la kupokezana anaweza kulianza nchi kavu. Mmoja asimame kwenye mstari, mwingine aje anakimbia akiwa amenyoosha mkono kuelekea ukutani, na aliyesimama azungushe mikono na kuruka mbele, miguu iachie mstari mkono unapogusa ukuta. Wa tatu achuchumae atazame vidole. Watagombana sana siku za kwanza nani kawahi na nani kachelewa. Waache wagombane, ndivyo wanavyoanza kujuana.

Kisha nenda wewe mwenyewe kwa kocha, kwa heshima, bila mtoto. Mshukuru kwa kuona kwamba kijana anafaa kupokezana. Halafu muulize: mita 100 zake za mwisho zilizopimwa ni sekunde ngapi, lini, na katika bwawa la mita ngapi? Akikujibu, mwombe amwandikie mtoto sekunde anazotakiwa kuzifikia ifikapo mwisho wa mwaka, azibandike juu ya kitanda. Akikosa jibu, mwambie kwa upole kwamba mwanao hajapimwa bado, na unaomba apimwe.